Pesa Inaelekea Wapi? Mwongozo kwa Muuzaji wa Katavi Anayetafuta Mnunuzi wa Ng'ambo

Mali ya Katavi imezoea safari ndefu. Tawi la reli linalotoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa takriban kilomita 210, lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kubeba madini ya risasi ya mgodi wa Mpanda kuelekea kwa wanunuzi wa ng'ambo. Leo yanayotoka ni tumbaku, asali ya Inyonga, mchele wa Mpimbwe, karanga, ufuta na dhahabu, na upande wa ziwa bandari ya Karema inatazamana na Kongo. Kwa hiyo mfugaji nyuki wa Mlele au mwenye mashine ya kukoboa mpunga wa Mpanda, akipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa mnunuzi wa Dubai au Hamburg, hakosei akiamini kwamba jambo hilo linawezekana. Linawezekana kweli, na tapeli analijua hilo. Anachofanya ni kuingia katika njia ya biashara halali akiwa amevaa sura ya mnunuzi: anaagiza mzigo mkubwa, anakubali bei, kisha kabla ya kulipa anakutaka utangulize ada ndogo ya usajili, ya wakili, ya bima au ya ukaguzi. Ukilipa, inazuka ada ya pili. Mzigo hauondoki ghalani, na mnunuzi hakuwapo tangu mwanzo.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu utapeli humtaka muuzaji amchunguze mtu: lugha yake, picha yake, nembo ya kampuni yake. Uchunguzi huo una faida, lakini unakupeleka kwenye uwanja ambao tapeli ameufanyia mazoezi kuliko wewe. Barua nzuri anaweza kuiandika, nembo anaweza kuiiba, sauti ya upole anaweza kuitoa. Kitu kimoja hawezi kukibadilisha, kwa sababu ndicho kinachomlisha: pesa lazima itoke kwako iende kwake. Katika biashara ya kuuza nje, pesa hutoka kwa mnunuzi ikaja kwa muuzaji. Gharama za muuzaji zipo, na nyingine ni kubwa, ila kila moja huenda kwa mtoa huduma uliyemchagua mwenyewe au kwa taasisi ya umma inayojulikana. Pesa inayotoka kwako kwenda kwa mnunuzi, au kwa mtu aliyetajwa na mnunuzi, ni mto unaopanda mlima. Kabla ya kujibu ujumbe wowote, jiulize swali hilo moja: pesa inaelekea wapi?

Mtego unavyotegwa

Mtego huu una umri mkubwa kuliko simu. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipokea barua za "mfungwa wa Hispania", tajiri wa kubuniwa aliyedaiwa kufungwa gerezani, ambaye angegawana utajiri wake na yeyote atakayetanguliza fedha za kumtoa. Karne moja baadaye barua za namna hiyo zilijulikana duniani kwa namba 419, kutokana na kifungu cha 419 cha sheria ya makosa ya jinai ya Nigeria kinachohusu udanganyifu. Umbo halijabadilika: mali kubwa iko mbele, kizuizi kidogo kiko katikati, na ufunguo wa kizuizi ni pesa yako.

Kwa wauzaji wa nje mtego huo umepewa mavazi ya kibiashara. Afrika Magharibi, hasa kwa kutumia anwani za Togo, kuna zabuni za uongo zinazotolewa kwa jina la wizara au la jumuiya ya ECOWAS, ambapo muuzaji huambiwa ameshinda na anatakiwa kulipia usajili wa mzabuni na ada ya mwanasheria. China, balozi za nchi kadhaa zimewahi kuwaonya wauzaji wao kuhusu kampuni zinazoagiza mzigo mkubwa bila kubishana bei, zinamwalika muuzaji asafiri kwenda kusaini mkataba, kisha zinamtoza nusu ya ada ya mthibitishaji, zawadi za wakubwa na karamu. Akirudi kwao, simu haipokelewi. Waliolengwa humo walikuwa na viwanda, wahasibu na mawakili. Kilichowaponza ni kwamba walihakiki mkataba neno kwa neno, lakini hawakuhoji kwa nini anayeuza ndiye anayetoa pesa.

Kwa muuzaji wa Katavi sura yake huwa ya karibu zaidi. Mnunuzi anayedai kuwa nje humtaja "wakala" wake aliyeko Dar es Salaam, mwenye laini ya Tanzania, na ada hulipwa kwa simu. Hapa inafaa kukumbuka kwamba takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikiitaja Rukwa, mkoa ambao Katavi ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. "Mnunuzi wa Ujerumani" anaweza kuwa amekaa umbali wa safari ya basi moja kutoka kwako. Na usishangae kwamba kiasi anachodai ni kidogo kulinganisha na oda. Chukua mfano wa hesabu tu: akiwaandikia wauzaji 1,000, na 10 kati yao wakalipa shilingi 450,000 kila mmoja, ameondoka na shilingi 4,500,000 bila kununua hata debe moja la asali. Ada unayoiona ndogo ndiyo mauzo yake yote.

Gharama ya kweli huenda wapi

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni hili: kuuza nje kuna gharama za kutanguliza, hivyo haiwezekani kila anayetaja ada awe tapeli. Ni kweli. Mazao ya mimea yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Asali na nta zina taratibu zake chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Viwango vinapimwa na TBS, forodha iko TRA, na cheti cha uasili wa bidhaa hupatikana kupitia TCCIA, chemba ya wafanyabiashara yenye matawi mikoani. Yupo pia wakala wa forodha, yupo mwenye lori, ipo maabara. Muuzaji asiyejua orodha hii ndiye anayepigwa kirahisi, kwa sababu tapeli akitaja jina la cheti lenye kutisha, yeye hana cha kulinganisha nalo.

Angalia basi gharama hizo zinakolipwa. Malipo ya Serikali ya Tanzania hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba. Namba hiyo hutolewa na taasisi yenyewe, na ukiiingiza kwenye simu au benki unaona unamlipa nani kabla hujathibitisha. Wakala wa forodha na maabara umewatafuta wewe, ofisi zao unaweza kufika, na risiti wanakupa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolipwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi aliyeletwa na mnunuzi. Kwa hiyo mnunuzi akisema nchi yake inadai cheti fulani, usimkatalie wala usimlipe. Mjibu kwamba utakifuata mwenyewe kwenye taasisi inayokitoa, kisha nenda ukaulize TPHPA, TBS au ofisi ya biashara ya halmashauri yako kama cheti hicho kipo. Mnunuzi wa kweli hatapinga, maana anachotaka ni cheti. Tapeli atapinga, atakuambia muda umekwisha au kwamba "mwanasheria wetu" pekee ndiye anayekitoa, maana anachotaka ni malipo.

Ukituma pesa kwa simu hapa nchini, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Sekunde hizo chache ni ulinzi mkubwa. Ikiwa unalipa "ada ya usajili" ya kampuni ya Ulaya na jina linalojitokeza ni la mtu mmoja wa hapa kwetu, simama hapo. Wala usijipe moyo kwamba kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole na hivyo mwizi atajulikana. Laini husajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari, ndiyo sababu kila mtu anashauriwa kupiga *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mnunuzi wa kweli huuliza kuhusu mali

Baada ya mwelekeo wa pesa, ushahidi wa pili uko kwenye maswali. Anayenunua chakula kwa ajili ya kukiuza Ulaya, Ghuba au India anabeba hatari ya mzigo kukataliwa bandarini, kwa hiyo huuliza mambo yanayochosha. Kwa asali atataka kujua kiwango cha maji, kwa kuwa kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu kizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Atauliza kipimo cha HMF, kemikali inayoongezeka asali ikichemshwa au ikikaa sana kwenye joto, ambayo kwa asali ya nchi za joto haitakiwi kuzidi miligramu 80 kwa kilo. Kwa karanga atauliza sumukuvu, na ana sababu: kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na Umoja wa Ulaya kwa karanga za kuliwa moja kwa moja unaruhusu 4 tu. Kwa mchele atauliza asilimia ya chenga na unyevu. Ataomba sampuli, ataipeleka maabara, atarudi na malalamiko, na atabishana bei hadi uchoke.

Tapeli hana haja na hayo. Haulizi unyevu, hajali chenga, bei ya kwanza uliyotaja anaikubali, na kiasi anachoagiza hakilingani na unachoweza kutoa. Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 20 za asali. Mtu anayetaka makontena mawili kila mwezi kutoka kwa kikundi chenye mapipa kumi ama hajasoma ulichomwandikia, ama mzigo si shida yake. Unaweza kumpima kwa ujumbe mmoja: muulize vipimo gani vya maabara anavihitaji na bandari gani mzigo utashukia. Anayeijua biashara hiyo atajibu kwa namba. Asiyeijua atakurudisha kwenye ada.

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kipimo ni kikali zaidi. Tangu mwaka 2019 Tanzania imekuwa na masoko ya madini, na Mpanda ina lake, ambako dhahabu hupimwa, mrabaha hukatwa na malipo hufanyika chini ya usimamizi wa Tume ya Madini. Kusafirisha dhahabu nje kunahitaji kibali cha Tume. Mtu anayekushawishi ukwepe soko kwa ahadi ya bei ya Dubai, kisha akadai utangulize pesa ya bima au ya kusafishia dhahabu, anakuweka pabaya mara mbili: utapoteza pesa, na utashindwa kwenda kituoni kwa sababu wewe mwenyewe umevunja sheria. Ukimya huo wa aliyeibiwa ndio anaoutegemea.

Hati si pesa

Wengi watasema: lakini amenitumia leseni, mkataba wenye mhuri, na hata ushahidi wa benki kwamba ameshalipa. Pima uzito wa kila kimoja. Leseni ya kampuni inathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. Hadi mwaka 2024 kampuni iliweza kusajiliwa Uingereza kwa mtandao kwa pauni 12, na msajili hakuwa akihakiki utambulisho wa waliojiandikisha. Bado inafaa kutafuta jina la kampuni, na daftari la Uingereza linasomwa bure mtandaoni, lakini utakapolikuta utakuwa umejua jambo moja tu kati ya mengi. Pengine jina ni la kampuni halisi ambayo haina habari na anayekuandikia. Itafute kampuni hiyo kwa njia yako, kwa namba iliyo kwenye tovuti yake rasmi na si iliyo kwenye ujumbe, kisha uulize kama inakufahamu. Uliza pia TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, au ubalozi wa Tanzania katika nchi husika.

Kuhusu mkataba, nchi yetu ina funzo kubwa. Tarehe 30 Januari 2019 Serikali ilishuhudia kusainiwa kwa mkataba wa kuiuzia kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya tani 100,000 za korosho ghafi kwa takriban shilingi bilioni 418. Malipo hayakuja, na Mei mwaka huo Serikali ikatangaza kuachana na mkataba huo. Sisemi kwamba huo ulikuwa utapeli wa ada, wala hakuna mkulima aliyetozwa usajili. Nasema kwamba saini iliyowekwa mbele ya mawaziri na kamera haikugeuka kuwa fedha. Kama ilikuwa hivyo kwa Serikali yenye Benki Kuu na wanasheria wake, karatasi iliyofika kwenye simu yako haiwezi kuwa sababu ya wewe kutoa mtaji.

Ushahidi wa malipo ndio hatari kuliko zote. Tapeli hutuma picha ya hati ya SWIFT ikionyesha dola zimetumwa, halafu anadai kwamba zimezuiwa hadi ulipie kodi au cheti cha kuthibitisha kuwa si fedha haramu. Fedha zilizotumwa huonekana kwenye akaunti yako, na anayeweza kukuthibitishia ni benki yako. Vivyo hivyo kwa barua ya dhamana ya malipo ambayo wafanyabiashara huiita LC: LC ya kweli hutoka benki ya mnunuzi ikafika benki yako, na benki yako ndiyo inayokujulisha. Haiji kwako kama kiambatisho cha barua pepe. Chukua karatasi uliyotumiwa, nenda nayo kwenye tawi la benki yako Mpanda, na umwombe ofisa athibitishe kama ipo. Benki ikikutoza kwa huduma zake, makato hayo utayaona kwenye taarifa ya akaunti yako, si kwenye ujumbe wa mnunuzi.

Hofu ya kukosa bahati

Pingamizi jingine ni la mtaji: LC ni ya wakubwa, na muuzaji mdogo akidai masharti mengi mnunuzi atakimbilia Kigoma au Tabora. Sehemu yake ni kweli. LC ina gharama na taratibu, na kwa mzigo mdogo inaweza isilipe. Lakini kuna njia zilizo katikati. Dai malipo ya awali, kwa mfano asilimia 30, yaingie kwenye akaunti kabla ya kuanza kufungasha. Uza kupitia chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, au kikundi, ambako karatasi inasomwa na macho mengi. Kwa mazao yaliyo chini ya stakabadhi ghalani, tumia mnada, ambako mnunuzi hulipa kabla ya kuondoa mzigo. Au anza kwa kumuuzia msafirishaji aliyesajiliwa wa Dar es Salaam au Arusha, ujifunze vipimo na wateja, ndipo uende mwenyewe. Bei itakuwa chini, lakini pesa itakuwa inaelekea kwako. Na mnunuzi anayekukimbia kwa sababu umekataa kumlipa ada, hujampoteza mnunuzi.

Wapo pia wanaosema kwamba anayetapeliwa ameponzwa na tamaa, na methali iko tayari mdomoni: tamaa mbele, mauti nyuma. Naipinga kauli hiyo kwa nguvu, kwa sababu inawanufaisha wezi. Mwaka 2024 pekee, waliotapeliwa kwa njia ya mtandao waliripoti kwa idara ya malalamiko ya FBI nchini Marekani hasara ya dola bilioni 16.6, na humo walikuwamo wafanyabiashara na wasomi. Kutaka soko zuri la asali yako si tamaa. Ni kazi ya muuzaji, na viongozi wetu wanahimiza kila siku vijana wauze nje. Tukimtukana aliyeibiwa, anaificha aibu yake nyumbani, na namba ile ile inahamia kwa jirani yake wiki ijayo.

Ukiwa umeshalipa

Kama umeshatuma, acha hapo hapo. Usilipe ada ya pili ili kuikomboa ya kwanza, maana ya kwanza haikomboleki kwa njia hiyo. Piga 100 kwa mtandao wako mara moja ueleze muamala, kwa sababu fedha ambazo hazijatolewa zinaweza kuzuiwa, na kama ulilipa kwa benki nenda benki siku hiyo hiyo. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli. Usifute ujumbe wowote: mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi pia. Nenda polisi na nakala za mazungumzo na miamala, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, lenye kifungo cha hadi miaka 7, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta na simu. Siku chache baadaye anaweza kukupigia mtu akijiita wakili au ofisa wa polisi, akiahidi kurudisha pesa yako kwa malipo kidogo. Huyo ni tapeli yule yule au mshirika aliyepewa namba yako. Mpime kwa swali lile lile.

Halafu lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa kikundi au AMCOS, kwa ajili ya wengine. Soma ujumbe kwa sauti, taja namba, eleza ada ilidaiwa kwa jina gani. Wekeni kanuni moja kwenye daftari la kikundi: hakuna mwanachama wala kiongozi atakayemlipa mnunuzi au mtu wa mnunuzi, kwa jina lolote lile, na kila gharama ya kuuza nje italipwa kwa kontroli namba au kwa mtoa huduma aliyechaguliwa na kikundi. Kanuni hiyo haihitaji mtu ajue Kiingereza wala kompyuta. Mwenye mizinga mitano anaweza kuishika, na mnunuzi wa kweli akija Katavi, haitamzuia hata siku moja kununua.